Santuri Iliyotazama Ukuta

Mzee Dadi wa Kinole hakuamini sindano za chuma. Alisema sindano ya chuma inaila santuri. Kila ukipiga wimbo unakuta unga mweusi kwenye ncha, na ule unga ndio wimbo wenyewe unaondoka. Kwa hiyo alitumia miiba. Aliikata kwenye mndimu uliokuwa nyuma ya nyumba yake, akaianika mpaka ikageuka rangi ya chai, kisha akainoa kwa msasa laini kabisa. Mwiba mmoja kwa upande mmoja wa santuri, halafu unatupwa. Msasa huo alikuwa akija kuuomba kwangu, na ndivyo tulivyojuana. Mimi ni Fidelis, fundi seremala wa Mafiga, mzaliwa wa Matombo. Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na kitu, karakana ya mabati, na maneno mengi kuliko kazi.

Ninaandika habari za mtu huyu kwa sababu anastahili kuandikwa, na kwa sababu nilimtendea jambo la aibu. Nimejaribu kuandika la kwanza bila la pili. Karatasi zote hizo nimezichana.

Dadi alizaliwa Kinole, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru. Alipofika miaka kumi na saba alishuka mjini Morogoro, akapata kazi kwa Mhindi mmoja aliyekuwa na duka la baiskeli, cherehani na santuri. Baiskeli alizipenda kidogo, cherehani hakuzipenda kabisa. Santuri ndizo zilizomchukua. Zilikuja kwa treni kutoka Dar es Salaam, ndani ya makasha yaliyojazwa majani makavu, na kazi yake ilikuwa kuzifungua, kuzifuta vumbi na kuwapigia wateja wasikilize kabla ya kununua. Za Kiswahili zilikuwepo, na za Kihindi pia, lakini wateja wa Jumamosi walikuwa Wazungu wa mashamba ya mkonge, na hao walitaka nyimbo za kwao Uingereza.

Kiingereza chake kilikuwa cha dukani tu. Hata hivyo alizijua kampuni za santuri kwa rangi ya karatasi ya katikati, hakuwa na haja ya kusoma. Ile yenye picha ya mbwa anayesikiliza gramafoni kila mtu aliijua, hata watoto waliziita santuri za mbwa. Lakini Dadi alikuwa na Decca, na Columbia, na Parlophone, na nyingine ndogondogo ambazo majina yake yamenitoka, na kila kampuni alikuwa na maoni nayo, kama mtu anavyokuwa na maoni kuhusu majirani. Hii inabania tarumbeta, ile inamsogeza mwimbaji karibu mno mpaka unamsikia akimeza mate.

Alinieleza kwamba siku zile, kabla hayajaja makundi ya vijana wenye magitaa ya umeme, wimbo ulikuwa mkubwa kuliko mwimbaji. Wimbo ukipendwa kwa kampuni moja, kampuni ya pili haikungoja. Ilimtafuta mwimbaji wake, ikaurekodi ule ule, na ya tatu nayo hivyo hivyo. Basi kasha moja lilifika Morogoro likiwa na wimbo mmoja kwa sauti nne. Dadi alizipiga zote nne, moja baada ya nyingine, na Wazungu wakabishana. Yeye alikuwa na hukumu yake. "Huyu anaimba kana kwamba anaomba kazi," aliniambia siku moja, akininyooshea santuri ya Decca. Akainyoosha nyingine. "Huyu ameshaajiriwa."

Nilimcheka. Nilikuwa kijana wa muziki wa dansi wa Morogoro, bendi zetu zilikuwa zinatikisa nchi nzima, na mimi nilimwona mzee huyu wa Kinole na bendi zake za fidla na waimbaji wake waliovaa tai kuwa kichekesho cha bure. Nilimwita Mzee Mwingereza mbele ya watu. Hakukasirika hata mara moja, na hilo nalo sasa linanichoma.

Mke wake aliitwa Mwanaasha. Alikuja dukani kununua uzi, akasimama akisikiliza, kesho yake akaja tena kununua uzi ambao hakuuhitaji. Kulikuwa na wimbo mmoja wa mtu anayemngoja mpenzi wake stesheni na treni zinapita. Uliletwa kwa sauti tatu. Mwanaasha aliushika wote bila kujua maneno yake yana maana gani, na akiuimba yeye, Dadi alisema, ukawa wa sauti ya nne na ndiyo iliyoshinda.

Mwaka 1958 akapita Mzungu mmoja na gari lililobeba mashine ya kukata santuri, akizunguka kutafuta waimbaji wa huku kwa ajili ya kampuni ya kwao. Alifikia dukani kwa yule Mhindi. Kabla ya kuanza kazi alitaka kujaribu mashine, akauliza nani anaweza kuimba chochote. Dadi akamsukuma mke wake mbele. Mwanaasha akaimba wimbo wa stesheni, mwanzo mpaka mwisho, ameishika kanga yake kwa mikono miwili. Yule Mzungu alishangaa, akaahidi kwamba atawaambia wakubwa wake London. Hakuna barua iliyokuja. Lakini ile santuri ya majaribio aliwaachia. Haikuwa kama nyingine. Ndani ilikuwa bati jembamba, juu imepakwa rangi nyeusi laini, mistari ya wimbo upande mmoja tu, upande wa pili mtupu. Badala ya tundu moja ilikuwa na manne: la katikati, na matatu kando yake. Kwenye karatasi ya katikati Dadi mwenyewe aliandika kwa wino wa bluu: Mwanaasha, Morogoro, 1958.

Rangi ile ilikuwa laini kiasi kwamba kila ukiipiga unaipunguza. Kwa hiyo Dadi aliipiga mara moja kwa mwaka, siku ya Idi, kwa mwiba mpya. Duka lilipofungwa, yule Mhindi alimwachia santuri zilizobaki, kama sitini hivi, na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono. Dadi akapanda navyo Kinole, akalima ndizi na mananasi. Mwaka 1979 Mwanaasha akafariki. Baada ya hapo, kila Idi, alimsikiliza mara moja tu.

Haya yote niliyajua. Alinihadithia yeye mwenyewe, amekaa kwenye benchi la karakana yangu, akinoa miiba kwa msasa wangu.

Sasa nimefika kwenye lile la pili.

Mwaka 1983 Dadi alinipa kazi ya kumtengenezea kabati la santuri, lenye vyumba vyembamba ili zisimame wima, kwa sababu zikilalia moja juu ya nyingine zinapinda. Alitaka nipime kwa santuri zenyewe, kwa hiyo akashuka nazo zote. Zilibebwa na Yunusi, mpwa wake, mtoto wa dada yake, kijana wa miaka ishirini na tatu, kasha moja kichwani na jingine begani. Kwetu Waluguru mtu harithiwi na wanawe. Anarithiwa na watoto wa dada yake, kwa sababu lukolo, yaani ukoo, unafuata upande wa mama. Kwa hiyo Yunusi ndiye aliyekuwa mrithi wa Dadi, wa shamba na wa jina, na kila mtu alijua. Aliyashusha makasha taratibu, akayapanga chini ya dirisha, akaniambia, "Fundi, haya ni macho ya mjomba."

Wale walioishi mwaka ule wanakumbuka. Sabuni ilikuwa kwa foleni, sukari kwa foleni, na shelaki hata foleni yake haikuwepo. Shelaki ni ule utomvu wa wadudu kutoka India, vipande vya rangi ya asali, unaoulowesha kwenye spiriti na kuupaka kwenye mbao kwa kitambaa mpaka ziwake. Na mimi nilikuwa nimepewa kazi ambayo sikuwahi kupewa tena maishani: kiti cha kukalia askofu siku ya kipaimara, katika parokia moja ya milimani ambayo sitaitaja. Nilikichonga kwa mninga, mgongoni nikatia mizabibu na masuke ya ngano. Zilibaki siku kumi. Bila kung'arishwa kilikuwa kiti tu, na mimi nilitaka watu waulize nani amekitengeneza.

Fundi mmoja mzee aliwahi kuniambia kwamba santuri za zamani ni shelaki ile ile, imechanganywa na unga wa mawe na masizi. Nilianza na zilizopasuka. Zilikuwa nane. Nilizitwanga kwenye kinu, nikazilowesha kwenye spiriti siku mbili, tope likazama, juu pakabaki dawa nyeusi inayoelekea wekundu. Nikaichuja kwa kipande cha kanga ya mke wangu. Niliipaka kwenye mgongo wa kiti, na lazima niseme ukweli hata kama unanitia aibu zaidi: ilikuwa nzuri. Mninga uligeuka mweusi wa kina, na ile mizabibu ikasimama.

Miguu ilibaki. Mikono ilibaki. Nikachukua santuri nzima.

Nilijiambia ni nyimbo za Wazungu waliokwisha kurudi kwao. Nilijiambia nitamtafutia nyingine, kana kwamba zinaota Kiroka kando ya barabara. Kiti kilikula ishirini na mbili. Halafu palikuwa na kitanda cha harusi kinangoja, na meza mbili, na wateja wameuona weusi ule wakautaka. Kwa hizo nyingine sikuwa hata na askofu wa kumsingizia. Nilizivunja kwenye ukingo wa benchi, moja moja, santuri za mbwa na zisizo za mbwa, yule anayeomba kazi na yule aliyeajiriwa.

Moja ilikataa kuvunjika. Nilipoikandamiza ilijipinda kidogo tu, ikalia kibati. Nikaitazama. Nikaona matundu manne, nikaona wino wa bluu. Nilisoma jina. Sikulisoma juu juu. Nilisimama nikalisoma lote, na mwaka wake. Halafu nikaigeuza upande wa pili, ule mtupu, nikaiweka kwenye droo chini ya patasi.

Ningeweza kumrudishia hiyo moja. Watu wakinisikia sasa wananiuliza kwa nini sikufanya hivyo, na jibu ni la kijinga. Kama ningemrudishia moja, angeuliza nyingine ziko wapi.

Dadi alipokuja kuangalia kabati, nilimwambia nilikuwa Matombo kwenye msiba na nimerudi nikakuta bati limefunguliwa. Aliketi kwenye benchi. Aliuliza kama wezi wamechukua kitu kingine. Nikasema randa moja. Nilikuwa nimeificha nyumbani asubuhi hiyo hiyo.

"Na ile ya Mwanaasha?"

"Zote, mzee. Hawakubakiza."

Goti langu lilikuwa limegusa ile droo. Dadi akaniambia, "Pole, fundi. Wangekukuta ndani wangekuumiza." Akasimama, kisha akauliza swali moja la mwisho: ni nani mwingine aliyejua kwamba santuri zipo hapa? Nikamjibu, "Mimi, wewe, na Yunusi aliyezibeba."

Siku ile nilisema uongo mwingi. Neno moja tu nililosema lilikuwa kweli, na hilo ndilo lililomuumiza mtu.

Msimu wa mananasi ulipofika, Dadi alinishushia gunia zima. Alisema ni pole ya kuvunjiwa. Mwaka uliofuata akaleta tena, na uliofuata, mpaka ikawa desturi. Wanangu walimjua kwa jina la Babu Nanasi. Nilikula. Sijui nyinyi mnadhani aibu inamnyima mtu hamu ya kula. Hainyimi. Nilisikia kwamba Yunusi ameondoka Kinole, yuko Gairo anauza karanga na mahindi, na sikuuliza kwa nini ameondoka. Nilikuwa na uhodari mkubwa wa kutouliza.

Kisha macho ya Dadi yakaanza kufa, na mwaka 2006 yakazima kabisa. Na mwaka huo huo mimi nikaitoa santuri kwenye droo. Nilihitaji kibao cha kuandikia vipimo kwa chaki, na ule upande mtupu ulikuwa mweusi na laini. Niliitundika ukutani kwa msumari kupitia tundu la katikati, jina limetazama ukuta. Dadi alipokuja na mananasi yake, akiongozwa na mjukuu, alikaa kwenye benchi lile lile, na ile santuri ilikuwa juu ya kichwa chake, imeandikwa dirisha, futi nne kwa tatu. Sasa mnaelewa mimi ni mtu wa aina gani.

Mjukuu huyo anaitwa Mwanaasha, kwa jina la bibi yake. Mwaka huu, Jumanne moja, alikuja peke yake.

"Shikamoo, Mzee Fidelis."

"Marahaba, mwanangu. Babu hajambo?"

"Hajambo, ila amechoka. Anakusalimu. Anasema Jumamosi kuna kikao cha ukoo, anaomba uje."

"Mimi Mkristo wa Matombo, niingie kwenye kikao chenu?"

"Si changu pia," alisema, akacheka kidogo. "Mimi ni wa lukolo la bibi, pale sina kauli, napika tu. Wewe unaitwa kama shahidi. Babu anataka kutamka nani atalishika shamba na jina lake. Wapo wanaosema arudishwe Mjomba Yunusi, maana lile jambo la santuri ni la zamani. Babu hataki. Anasema hawezi kumpa shamba mtu aliyemwibia sauti ya mkewe. Sasa wewe ndiye uliyevunjiwa. Anataka ueleze ulivyokuta."

"Kwani Yunusi alikamatwa?"

"Alikiri mwenyewe, mwaka wa tisini na mbili. Hukusikia?"

Nikasema sikusikia. Mwanaasha alikuwa akizungumza huku anaangalia kibao changu cha vipimo, kwa sababu kiko usawa wa macho, na mimi nilikuwa naangalia mikono yangu. Alipoondoka nilifunga karakana mchana kweupe. Nilikitoa kile kibao ukutani, nikakifuta chaki kwa kitambaa chenye maji, nikakigeuza. Wino ulikuwa umefifia, lakini jina lilisomeka. Mistari ya wimbo ilikuwa imekaa gizani miaka yote hiyo, na isipokuwa sehemu moja iliyoanza kuachia, ilikuwa salama. Nililia kwa hasira, na hasira yenyewe ilikuwa kwangu.

Kesho yake asubuhi nilipanda bodaboda mpaka Kinole. Nilimkuta Dadi barazani, amejifunika blanketi, miguu kwenye jua. Nilimwamkia. Nilimwambia nimekuja kusema jambo kabla ya Jumamosi, nikalisema lote: kinu, spiriti, kiti cha askofu, randa niliyoificha.

"Haiwezekani," alinijibu, kwa upole, kama mtu anayemrekebisha mgonjwa. "Yunusi alikiri."

"Mzee, sijui kwa nini alikiri. Mimi ndiye."

"Unataka kumwokoa kijana. Una moyo mzuri, fundi. Tangu zamani."

Hapo ndipo nilipotamani ardhi inimeze. Nilitoa santuri kwenye mfuko, nikaiweka mapajani mwake. Vidole vyake vilienda moja kwa moja katikati. Vikagusa tundu la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Vikarudi, vikaanza tena kuhesabu.

"Ilikuwa wapi?"

"Ukutani kwangu. Karakana."

"Ukuta gani?"

"Wa juu ya benchi, mzee."

"Benchi ninalokalia?"

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

Ningeweza kudanganya hapo. Hata pale, nakiri, uongo ulikuja mdomoni. "Tangu macho yako yalipozima," nilisema.

Aliniambia niende uani. Nilikaa chini ya kichanja cha vyombo kama saa nzima, nikimsikia Mwanaasha akimuuliza babu yake kuna nini. Mwishowe aliniita. Hakunitukana. Ningependa angenitukana. Alisema, "Jumamosi utakuja kama nilivyokuomba. Utakuwa shahidi."

Siku hiyo ya Jumamosi walikuwa watu kama thelathini, wamekaa kwenye mikeka. Yunusi aliletwa na simu. Alikuwa amefika jioni ya Ijumaa kutoka Gairo. Ana miaka sitini na nne sasa, kichwa cheupe, shati amelifunga kifungo mpaka shingoni. Nilipoanza kusema alinitazama mara moja tu, kisha akatazama mkeka mpaka nikamaliza. Wanawake wengine walishika vinywa. Mzee mmoja aliniita mchawi. Nilikubali, ingawa sijui uchawi, kwa sababu sikuwa na jina bora la kumpa.

Dadi akauliza, na sauti yake ilikuwa ndogo, "Yunusi, mpwa wangu. Kwa nini ulikiri?"

Yunusi alikohoa. "Mama alipofariki mlinikataza kutia udongo kaburini mpaka niseme niliiba. Maiti ilikuwa nje, jua linapanda. Nikasema. Mkaniuliza nimeziuza wapi, nikasema Dodoma. Dodoma nilikuwa sijawahi kufika."

Dadi alinyoosha mkono hewani akitafuta, na Yunusi akasogea kwa magoti mpaka mkono ukampata. Yule mzee alimwomba msamaha mpwa wake mbele ya ukoo mzima, akasema shamba ni lake na jina ni lake. Mimi nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka hapo. Aibu aliyoisema Dadi ilikuwa yangu. Yeye alikuwa anaibeba kwa mdomo wake.

Halafu alimwambia Mwanaasha alete gramafoni. Ilikuwa ile ile. Kila Idi kwa miaka arobaini ameizungusha tupu, isishike kutu. Mwanaasha alinoa mwiba wa mndimu kama alivyofundishwa. Kwanza palitoka mvumo wa mchanga, kisha sauti ya msichana, juu kidogo, Kiingereza cha dukani, akimngoja mtu stesheni. Pale rangi ilipokuwa imeachia wimbo uliruka, ukapoteza maneno matatu au manne, ukaendelea. Dadi aliyasema yale yaliyokosekana, kwa midomo tu. Ulipokwisha hakuomba urudiwe.

Watu walipoanza kula, Yunusi alikuja nilipokaa peke yangu. Alichuchumaa.

"Fundi, umesema vizuri. Ukoo umesikia. Lakini wanangu hawakuwepo."

"Utawaambia sasa. Una haki."

"Mimi niliwaambia niliiba," alisema. "Niliwaambia mwenyewe, wakiwa wadogo, nikiwaonya wasiwe kama mimi. Nimewalea kwa hilo. Leo nikirudi niwaambie sikuiba, watadhani mzee wao ameanza kuwa mwongo uzeeni." Alinitazama. "Twende wote Gairo. Ukawaambie wewe."

Jumatatu asubuhi tulikuwa Msamvu, tumekaa kwenye viti vya stendi tukisubiri basi la Dodoma litakalotushusha Gairo. Santuri ilikuwa mapajani mwake, imefungwa na Mwanaasha kwenye kanga. Dadi alitaka watoto waione. Usiku kucha nilikuwa nimepanga maneno. Nilimwambia Yunusi kwamba nadhani ni vyema nianzie na mwaka ule, jinsi maduka yalivyokuwa matupu na shelaki haipatikani, ili vijana waelewe hali ilivyokuwa.

Hakuwa na hasira.

"Hapana," alisema. "Anzia pale uliposoma jina, ukaigeuza."